Jani Walilomletea Severa

Ukimkuta Severa leo nyuma ya Soko la Kariakoo, ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi za mtu mwingine, huwezi kudhani kwamba genge lile lilikuwa lake. Unamwona mama wa makamo, vidole vyeusi kwa utomvu, kanga kaifunga juu ya tumbo kuficha uvimbe. Watu wanachagua ndizi, wanamlipa Shamsa mwenye genge, wanaenda zao. Kariakoo haina muda wa kumuuliza mtu yaliyomfika.

Waulize wenyeji wa mtaa. Watakwambia kwamba kabla ya haya yote Severa alikuwa na mdomo na alikuwa na mgongo. Mdomo wa kumtoa nishai dalali yeyote aliyemletea za kuleta, na mgongo wa kubeba mkungu mzima kutoka kwenye gari mpaka barazani bila kumwita mtu. Mabinti wa maduka ya nguo walimtania, wakamwita winchi. Naye alicheka nao, maana alijua mgongo huo ndio unaompa kula.

Na biashara yake yote ilisimama hapo, tuelewane. Ndizi zilitoka Moshi kwa fuso la Tarsis, mtu wa kwao Kibosho, na zilimfikia kwa mali kauli: asubuhi unachukua mzigo kwa maneno matupu, jioni ukishauza unapeleka hela ya mwenyewe. Hakuna dhamana, hakuna maandishi. Ila Tarsis alikuwa na sharti moja. Mzigo anapewa aliyesimama chini ya gari alfajiri, akachagua mwenyewe, akashusha mwenyewe. Kuwekewa hakuna. Ukiumwa leo, pole. Ukizidisha kuumwa, kuna mwenzako nyuma yako. Severa alisimama chini ya lile fuso miaka na miaka. Mvua inyeshe, Jangwani ijae maji mpaka magari yakatae kupita, yeye yupo. Kwa ndizi hizo alimsomesha binti yake Joyceline, aliyekuwa shule ya bweni huko huko Moshi, na kwa ndizi hizo alipanga chumba Mchikichini na hakumpigia mtu magoti.

Halafu Jovin akaumwa figo.

Jovin ni mdogo wake Severa, kitinda mimba wao. Alizaliwa mama yao akiwa amechoka, na tuseme ukweli, Severa ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni akienda kukata majani ya ng'ombe, na siku ya kwanza ya shule ni yeye aliyemshika mkono. Sasa Jovin alikuwa mtu mzima, ana mke anayeitwa Matilda, ana watoto, ana duka la mabegi karibu na Msimbazi. Akaanza kuvimba miguu. Uso ukapauka kama umepakwa majivu. Walipompeleka hospitali wakaambiwa figo zote mbili zimekwisha, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine. Kila akirudi kutoka huko alikuwa hana nguvu hata za kumpakata mwanawe, na duka la mabegi likawa linaliwa na mashine.

Ukoo ukakaa kikao. Aliyeongoza ni Rogath, kaka yao mkubwa, mwenye maduka ya jumla na sauti ya mwenyekiti. Ilibidi apatikane ndugu wa kutoa figo moja. Rogath ana sukari, huyo hakufaa. Matilda alipimwa, vipimo havikuendana. Binamu mmoja alikubali Jumapili mbele ya watu wote, Jumatatu simu haipatikani. Severa hakungoja kuombwa. Alisema nipimeni mimi, na majibu yalikuja mazuri kiasi kwamba daktari alitabasamu.

"Dada," Jovin alimwambia siku ile, machozi yanamlengalenga, "nikupe nini mimi?"

"Upone," akamjibu. "Nipe hicho."

Na alimaanisha. Hili liwekwe wazi, kwa sababu watu wamesema mengi baadaye. Hakuna aliyemlazimisha Severa na hakuna alichokitegea. Alitaka mdogo wake aishi, basi. Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja tu, lile gari la Tarsis. Yeye akiwa kitandani na mshono, nani atasimama chini ya gari? Nani atamlisha mpaka aweze kubeba tena? Aliliuliza jambo hilo kwenye kikao, bila aibu, na Rogath akanyanyua mkono kama padri anayebariki.

"Severa tutamwangalia," akasema. "Hilo halina mjadala."

Wote wakaitikia, na kikao kikaendelea na mengine.

Sasa hapa ndipo walipojifunga kamba wenyewe. Mjini kulikuwa na uvumi kwamba hospitali ikinusa tu harufu ya hela kati ya mtoaji na mgonjwa, inafuta upasuaji na kuwaitia polisi, kwa sababu kuuza figo ni kosa. Rogath akaingiwa na hofu. Jioni moja wakamkalisha Severa kwenye kochi la Jovin, wakamfundisha kama mtoto wa kipaimara. Ukiulizwa umeahidiwa kitu, sema hapana. Ukiulizwa nani atakutunza, sema unajiweza. Nauli usiitaje kabisa. Sema nimetoa kwa upendo, kisha funga mdomo. Matilda akajifanya ndiye mtu wa hospitali, anakunja uso anauliza, na kila Severa alipojibu sawasawa walimpigia makofi na kucheka. Ilikuwa jioni nzuri. Hata Jovin alicheka.

Siku ilipofika, aliwekwa chumbani na mama wa ustawi wa jamii, mwanamke mpole mwenye miwani. Mama yule hakuwa na haraka. Alimuuliza anafanya kazi gani, na je, kazi hiyo ni ya kunyanyua vitu vizito. Akamuuliza ana mtoto anayemtegemea. Akamuuliza, kwa muda ule ambao hatajiweza, nani ataingiza chakula nyumbani, na ndugu zake wamejipangaje juu yake. Severa akaona mtego huo hapo. Akakaza uso.

"Sijaahidiwa kitu na sihitaji kitu," akasema. "Nimetoa kwa upendo."

Mama yule akamtazama kidogo, akaliuliza swali lile kwa njia nyingine. Akapata jibu lile lile, neno kwa neno. Severa alipotoka nje, Rogath alimshika mkono akautikisa kama mtu aliyefaulu mtihani.

Upasuaji ulienda salama, na kwa hilo Severa hajaacha kumshukuru Mungu mpaka leo. Figo ilianza kufanya kazi Jovin akiwa bado mezani. Kundi la WhatsApp la familia, lile la michango ya matibabu, lilijaa aleluya. Michango iliingia kutoka Moshi, kutoka jumuiya, kutoka kwa wenye maduka wenzao, na yote ikaelekezwa kwenye dawa za Jovin, dawa atakazomeza maisha yake yote ili mwili usiikatae figo ya ugenini. Nani angepinga hilo? Severa mwenyewe alichanga.

Sasa, kwao Uchagani, mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Ni mtori asubuhi, ni supu mchana. Hashiki fagio, hashiki ndoo, na mama mkwe akisikia ameinama kuokota kijiko, patachimbika. Matilda alikalishwa hivyo kwa kila mtoto aliyemzaa. Severa, akiwa amelala chumbani kwake Mchikichini, mshono unamvuta akikohoa, alidhani naye watamkalisha vivyo hivyo. Hakulisema, ila alilitegemea. Si amekatwa? Si ametoa uhai mwilini mwake kama mzazi yeyote? Siku za mwanzo walikuja, kweli, na makapu ya matunda, wakapiga naye picha. Halafu Jovin akapata homa kidogo, wote wakahamia kwake. Homa ikapoa, na njia ya Mchikichini ikawa imeshasahaulika. Rogath alidhani Matilda anakwenda, Matilda alidhani Rogath anatuma, na wengine waliona kwenye kundi kwamba mambo yanaenda vizuri.

Aliyekwenda ni Hamdiya. Bi Hamdiya ni mjane wa Kiarabu aliyezaliwa Kariakoo hapo hapo, ana duka la vyombo vya plastiki, na baraza la duka lake ndilo Severa alilokuwa akipangia ndizi. Alikuja na shurba, supu nzito ya ngano, kwenye chombo kilichofunikwa, akamkuta Severa amepiga magoti anafua. Akamnyang'anya beseni.

"Ndugu zako wako wapi?" akamuuliza.

"Wapo, Bi Hamdiya. Wana mgonjwa."

"Na wewe nani, mtalii?"

Severa alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu, kisha akalia. Bi Hamdiya akamfulia zile nguo huku anawatukana watu asiowajua. Na pale barazani kwake aliweka beseni kubwa jekundu, limefunikwa, kuonyesha kwamba mahali pana mwenyewe. Machinga mmoja alijaribu kulisogeza ili aweke vifuniko vyake vya simu, akakiona cha moto. Mahali palilindwa hivyo. Mzigo haukuwa na wa kuulinda. Tarsis alituma salamu za pole, akampa Shamsa zile ndizi, akasema ni kwa muda tu, mpaka dada apate nafuu.

Akiba ya Severa ikaisha. Shule ikampigia simu kuhusu Joyceline, kwa upole mara ya kwanza na bila upole mara ya pili. Akampigia Rogath. Rogath akasema tuvute subira, dawa za Jovin zimetubana. Akampigia tena, simu ikaita mpaka ikakata. Jovin mwenyewe hakuambiwa lolote, kwa sababu daktari alikataza mgonjwa kupewa mawazo, na Matilda ndiye aliyekuwa akipokea simu zake. Severa naye hakutaka kumpa mawazo. Unampaje mtu figo halafu umpe na mawazo?

Basi akaamka. Daktari alimwambia asinyanyue kitu kizito mpaka aruhusiwe, naye alilikumbuka neno hilo njia nzima, anatembea polepole kutoka Mchikichini kunapambazuka. Alisimama chini ya gari. Tarsis alifurahi kumwona, akamwambia karibu kazini, chagua. Akachagua mikungu midogo, akajidanganya kwamba midogo haina shida. Wa kwanza ulikwenda. Uliofuata ulikwenda. Kisha akanyanyua mwingine, akasikia ndani ya ubavu kitu kinaachia, kama pindo la nguo linavyoachia uzi. Hakupiga kelele. Aliuweka mkungu chini vizuri, usipasuke, akakaa juu ya gunia. Kufikia mchana pale kwenye mshono palikuwa pametoka uvimbe unaojaza kiganja.

Hospitali wakamwambia ni ngiri ya mshono. Nyama za ndani zimefunguka, lazima apasuliwe tena zishonwe, na hata akishonwa, habari ya kubeba mikungu aisahau kwa muda mrefu. Alipouliza nani analipia, wakatafuta jina lake, hawakuliona. Lililokuwepo ni la Jovin. Mgonjwa wao ni Jovin, wakamwambia, na Jovin anaendelea vizuri sana. Akazunguka korido mpaka akampata yule mama wa ustawi wa jamii. Mama akamkumbuka mara moja. Alipoonyeshwa uvimbe, akavua miwani.

"Mama Joyceline, nilikuuliza nani atakutunza. Nilikuuliza mara mbili."

"Nilidhani unanitega."

"Nilitaka kuwabana ndugu zako," akasema mama yule. "Ungenijibu ukweli, ningewaita pale pale. Wangesema mbele yetu nani atakulisha na nani atasimamia kazi yako, na tusingekugusa na kisu mpaka waseme. Kuuza figo ni kosa. Kulishwa ukiwa umelala si kosa, mama yangu. Ni haki."

Severa alikuwa anaiona ile jioni ya kwenye kochi, na makofi. Mlango ulifunguliwa mbele yake na yeye akaufunga kwa mkono wake, huku anajiona hodari. Akauliza sasa je, sasa hivi, hakuna kitu? Mama yule akaeleza, na ilionekana inamuuma kueleza, kwamba msaada mdogo walio nao ni wa wagonjwa wasiojiweza, na mtoaji hahesabiwi mgonjwa. "Wewe hapa uliingia mzima," akasema. Alisema ataongea na wakubwa wake. Aliongea nao, kweli, na haikuwezekana. Siku ile alimpa nauli kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, na Severa akaipokea. Hiyo ndiyo hela pekee aliyowahi kuishika kwa ajili ya ile figo.

Bado alikuwa na tumaini moja. Familia iliandaa misa ya shukrani, na baada ya misa sherehe ukumbini, upande wa Mnazi Mmoja. Severa alivaa sare ya kitenge aliyopelekewa, akaifunga kanga juu ya uvimbe. Mshereheshaji akamwita mbele, akamwita shujaa wetu, watu wakasimama wakapiga vigelegele. Jovin alimlisha keki. Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, na Severa alipomtazama alisahau ubavu wake wote kwa dakika kadhaa. Huyo ndiye mtoto aliyembeba. Yuko hai, anacheza muziki na mke wake.

Baadaye akamvuta Rogath pembeni, karibu na meza ya chakula. Akamweleza kila kitu taratibu, ngiri, Tarsis, shule ya Joyceline. Hakudai shukrani. Aliomba wamkalishe miezi mitatu tu, kama mzazi, atengenezwe huo uvimbe, kisha wamsaidie kuanza upya na kazi isiyohitaji mgongo. Rogath alimsikiliza huku ameshika sahani.

"Severa," akasema, "si mwenyewe uliwaambia hospitali huhitaji kitu?"

"Mlinifundisha."

"Lakini ulisema wewe. Leo tukianza kukupa hela, watu watasema tulinunua figo. Usiichafue sadaka yako, dada yangu. Mungu ameshaiona."

Severa alimtazama kaka yake, akatazama ile sahani, akatazama watu wanaocheza. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka chini ya mkungu wowote. Maneno yakamtoka yenyewe, kwa sauti ndogo.

"Basi figo yangu itajua yenyewe."

Ukimuuliza leo alimaanisha nini, atakwambia hajui. Mtu akifikishwa pale husema lolote. Lakini Rogath alisikia, na mkono wake wenye sahani ukasimama hewani.

Haukupita mwezi, vipimo vya uchafu kwenye damu ya Jovin vikapanda. Si vya kutisha, daktari alisema, ila vimepanda. Matilda akalia. Rogath, ambaye alikuwa ameyaficha yale maneno moyoni, akayatoa. Na watu wale, waumini wazuri wa rozari na jumuiya, wakaambiana kwamba Severa ameifunga figo. Ni ya kwake, wakasema, ilikua ndani yake, inamsikiliza yeye. Akiwa na uchungu, nayo inasusa. Wote waliokuwa hawaijui njia ya Mchikichini wakaikumbuka kwa mara moja.

Wakaja Jumapili na isale. Asiye wa kule aelezwe: ni jani refu la mmea unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba vya migomba, na kwa Wachaga anayeletewa jani hilo kuombwa msamaha hana ruhusa ya kukataa. Uwe umekosewa nini, ukishawekewa isale mbele yako unapokea na unasamehe. Na ukishasamehe, jambo lile halitajwi tena. Atakayelitaja ndiye anakuwa mkosaji. Rogath aliagiza lile jani Kibosho, likaja kwa basi limeviringishwa kwenye gazeti. Alikuwa amelifunga fundo kama inavyotakiwa.

Chumba kilikuwa kidogo, wakakaa kitandani na kwenye ndoo. Rogath akasema maneno ya wazee, akasema kama kuna lolote ukoo umemkosea Severa, ukoo unaomba. Hakusema ni lipi. Na Jovin, amevaa barakoa, macho yamemtoka kwa hofu, akaliweka lile jani mapajani mwa dada yake na akapiga magoti sakafuni.

"Dada Seve, sijui nimekukosea nini," akasema. "Hawaniambii. Lakini nisamehe. Sitaki kufa."

Kumbe hajui. Severa aliinua macho akamwona Rogath anamtazama, akamwona Matilda ameinamisha kichwa. Angeweza kusema. Angeifungua kanga ile akamwonyesha mdogo wake uvimbe, akamwambia Joyceline yuko nyumbani kwa bibi yake kwa sababu shule imemrudisha, akamwambia kila walichomficha. Jovin angesikia, na Jovin ni mtoto mwema, angefanya kitu. Lakini jani lilikuwa limeshalala mapajani, na mbele ya isale makosa hayahesabiwi. Akilisukuma, kesho vipimo vikipanda zaidi ni yeye. Jovin akifa, ni yeye. Ataishi na hilo, Kibosho yote itaishi nalo. Na lililo baya kuliko yote, naye alikuwa anaogopa. Tangu aliposikia habari za vipimo alikuwa halali, anajiuliza kama ni kweli, kama lile neno lake dogo liliingia ndani ya mtoto yule.

Akaliokota jani.

"Nimesamehe," akasema. "Figo itulie. Mimi sina neno."

Rogath akashusha pumzi ndefu. Akasema basi yameisha, tusirudi nyuma tena, na wote wakaitikia kama walivyoitikia siku ya kikao. Wakala nyama waliyokuja nayo. Matilda akaosha vyombo vyote, akamkumbatia wifi yake, akamwambia Mungu akuzidishie. Severa aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi chumbani, na hapo ndipo alipoelewa lile jani lilichomfanyia. Kudai hawezi tena. Kulalamika hawezi. Kuomba kwa upole, hata huko hawezi, maana itakuwa kufufua. Aliliegesha dirishani na kukaa akilitazama.

Daktari aliongeza dawa moja na kubadilisha saa za nyingine, vipimo vikashuka. Lakini nani anamshukuru daktari? Kundi la familia likasema isale limejibu. Jovin alimpigia simu mwenyewe, sauti inacheka, akamwambia dada, figo yako imetulia. Severa alimwambia ashukuriwe Mungu, na alipokata simu alilia kwa furaha. Furaha ya kweli, msije mkadhani vingine.

Tarsis alimwambia ukweli bila kumzungusha: mzigo ni wa Shamsa sasa. Mahali hapakuwa tena na cha kupanga, Bi Hamdiya akaliingiza lile beseni dukani, na Shamsa akahamia barazani. Shamsa si mtu mbaya. Alimwonea huruma, akampa kazi ya kumenya ndizi za mtori wanazochukua mama lishe, kazi ya kukaa. Ndiyo maana utamkuta pale pale, kwenye baraza lile lile, anatazama wenzake wakishusha mikungu.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo, Bi Hamdiya alitoka dukani akasimama karibu naye.

"Nasikia ndugu zako walikuja," akasema. "Wamekuletea nini?"

"Jani."

"La kupika?"

Severa akatikisa kichwa. Akamweleza, kwa maneno machache, jani lile ni la nini na ukilipokea inakuwaje. Bi Hamdiya alimngoja kwanza mteja mmoja aliyekuwa anauliza bei ya ndoo aondoke.

"Na wewe ukalipokea."

"Nisingelipokea, angekufa."

"Nani kakwambia?"

Severa akachukua ndizi nyingine, akaipitishia kisu mgongoni. Bi Hamdiya akaingia ndani, akarudi na lile beseni jekundu, akaliweka miguuni pake ili maganda yasichafue baraza.